Kiinua Mgongo cha Mbwa

Kuanzia Somanga mpaka Mchinga, mbwa haingii katika maisha ya watu bila kazi. Anayefuga ataulizwa anamfugia nini, na majibu yanayopokelewa ni matatu tu: analinda shamba, anawinda, anachunga mifugo. Hilo la tatu kwetu ni geni kidogo. Mbung'o waliifanya nchi hii isiwe ya ng'ombe kwa vizazi vingi, na makundi makubwa ya mifugo yalianza kushuka huku hasa baada ya wafugaji kuondolewa bonde la Usangu mwaka 2006 na 2007. Kazi ya mbwa wa Kilwa na Lindi ni shamba, na adui wa shamba ni nguruwe pori.

Mtu wa mjini humcheka mkulima anayemwogopa nguruwe kwa kuwa yeye hajalima. Mnyama huyu haji kuonja. Huja usiku wa manane na ukoo wake mzima, hufukua muhogo tuta kwa tuta, huangusha mahindi na kuyakanyaga yale asiyoyala, na kukipambazuka kazi ya miezi imegeuka matope. Na kwa kuwa wenye shamba wengi ni Waislamu, hakuna hata kitoweo cha kuwafuta machozi. Ndiyo maana watu hujenga dungu na kulala huko juu tangu nafaka inapoanza kutunga mpaka mavuno yaingie ndani. Asiyeweza kujenga dungu hulala chini katika kibanda cha makuti.

Nguruwe naye ana anayemfuata. Mwaka 2005 jarida la Nature lilitoa utafiti wa Craig Packer na wenzake, wakiwemo Watanzania Dennis Ikanda na Bernard Kissui, uliohesabu watu wasiopungua 563 waliouawa na simba nchini tangu 1990. Lindi na Rufiji zilikuwa miongoni mwa sehemu zilizoumia kuliko zote. Watafiti walionyesha uhusiano ambao wakulima waliujua kwa miili yao: penye nguruwe wengi mtu hulala shambani, na anayelala shambani hukutana na simba aliyekuja kumtafuta nguruwe.

Katika giza hilo ndipo mbwa anapofanya kazi. Mbwa mzuri wa shamba habweki ovyo. Wakulima watakueleza kwamba akibweka mara mbili akanyamaza, ni mnyama wa kupita. Akibweka mfululizo huku akiutupa mwili mbele, shuka na debe lako ukagonge, nguruwe wameingia. Lakini akirudi chini ya dungu kimya, mkia kaubana, usishuke kwa jambo lolote. Ukae hapo hapo, umwombe Mungu. Kuna watu wazima leo Lindi, wenye wajukuu, ambao hawangekuwepo kama usiku fulani mbwa mmoja asiye na jina hangenyamaza namna hiyo.

Mbwa wa shamba hufanya kazi hiyo miaka mitano, sita, saba akijaliwa. Kisha masikio yanakuwa mazito na nyonga zinakataa. Msimu unaofuata, mwenye shamba anapofunga virago kwenda porini, anachukua kijibwa kipya, na yule wa zamani anabaki. Hakuna anayempiga wala kumwua. Ugali tu unaacha kuwekwa pale ulipokuwa ukiwekwa. Tunasema fadhila ya punda ni mateke. Sijui punda naye angesema fadhila ya mwenye punda ni nini. Baada ya siku kadhaa mbwa anaelewa, anaanza kutembea, na mara nyingi safari yake huishia baharini. Ukienda Kivinje wakati majahazi na ngalawa zimerudi na samaki wanapasuliwa, utawaona wamekaa mbali kidogo na wachuuzi wakisubiri matumbo: mbwa wenye masikio yaliyochanwa na meno ya nguruwe na makovu ubavuni. Wahenga walisema mbwa hafi maji akiona ufuko. Hawakusema anaishije akishafika ufukoni.

Nilianza kulifikiria jambo hili kwa uzito kwa sababu ya mbwa mwingine kabisa, wa mbali, ambaye sijawahi kumwona ila kwa picha. Binamu yangu, mtu wa Kivinje aliyehamia Uingereza siku nyingi, amepakana na bibi mmoja mjane aliyemchukua mbwa wa mbio mstaafu. Ni wale mbwa wembamba, kifua kirefu, kiuno cha nyigu, wanaoweza kufika mwendo wa karibu kilometa 70 kwa saa. Binamu alitarajia jirani mwenye fujo. Badala yake alimkuta mnyama anayelala sehemu kubwa ya siku, anayetetemeka upepo ukivuma kwa kuwa hana mafuta ya kutosha chini ya ngozi, na aliyesimama chini ya ngazi ya nyumba akiitazama bila kujua miguu inapandaje. Mbwa hawa hulelewa vibandani na viwanjani. Wengi hawajawahi kuona ngazi, kioo cha mlango wala sakafu inayoteleza. Ndani ya masikio ana herufi zilizochanjwa kwa wino, maana kila mmoja huandikishwa angali mdogo. Jina lake, uzito wake, kila mbio aliyokimbia na muda aliotumia, vyote vimo daftarini.

Mchezo wenyewe si wa kale kama watu wanavyodhani. Mbio za kumfukuza sungura wa mashine kwenye uwanja wa mviringo zilianza Emeryville, California, mwaka 1919, kwa ubunifu wa Owen Patrick Smith. Julai 1926 zikafunguliwa Belle Vue, Manchester, na Uingereza ikapagawa nazo. Mbwa aitwaye Mick the Miller, aliyeshinda Derby ya mbio hizo mwaka 1929 na tena 1930, alipokufa ngozi yake ilijazwa na kuwekwa makumbusho, na yuko Tring mpaka leo. Hicho ndicho kiinua mgongo cha bingwa.

Kwa wasio mabingwa hesabu ni ya kutisha. Mbio za mita 480 huisha kwa takriban nusu dakika. Mbwa hukimbia misimu miwili au mitatu, na akifika miaka minne au mitano mwendo wake umekwisha, ilhali mwili unaweza kuishi miaka kumi hata kumi na mitatu. Yaani miaka ya baada ya kazi ni mingi kuliko ya kazi yenyewe, na kwa muda mrefu wengi hawakuachwa waifikie. Uingereza waliunda shirika la kuwatafutia makao mwaka 1975. Florida, iliyokuwa na viwanja vingi kuliko jimbo lolote la Marekani, ilipiga kura mwaka 2018 na asilimia 69 wakataka mbio zikome. Mwisho wa 2020 zikakoma. Mwaka huo huo wa 2018 uwanja wa Macau ulifungwa, na mbwa zaidi ya 500 wakabaki vibandani wakingoja watu wa nchi mbalimbali wawachukue mmoja mmoja. Wakachukuliwa. Desemba 2024 New Zealand nayo ikatangaza kuufunga mchezo huo.

Nawaheshimu wanaowachukua mbwa hawa, lakini sitawapamba. Huruma yao inazoa kilichomwagwa na kamari. Mbwa alizalishwa ili watu waweke dau, na waliokula faida si hao wanaomfundisha leo kupanda ngazi. Mkulima wa Kilwa hajamzalisha mbwa kwa starehe wala kwa dau. Alimhitaji ili watoto wale. Kwa hiyo sioni kwamba tuna la kuiga moja kwa moja. Kilichonigusa ni lile daftari. Ukishaandika siku mnyama alipoanza kazi, huna budi kuandika siku alipoiacha, na ukishaiandika hiyo, ukurasa unaofuata unakukodolea macho. Sisi hatukuandika popote. Mbwa wetu hana siku ya kustaafu kwa sababu hana siku ya kuajiriwa.

Basi bibi yule akalazwa hospitali, na akamwomba binamu ampeleke mbwa matembezi asubuhi na jioni. Nikaletewa ujumbe wa sauti usiku: "Kaka, nimfanyeje? Mke wangu alipojifungua, huyu bibi ndiye aliyenishikia mkubwa wangu wiki nzima. Siwezi kumkatalia. Lakini udhu wangu je? Niulizie kwa Shehe."

Nilimkuta Shehe barazani kwake baada ya Alasiri. Nilipomaliza kumweleza hakushangaa wala hakukunja uso, aliuliza tu: "Mkono wake mkavu?"

"Mkavu, Shehe. Kamba ndiyo anayoshika."

"Na mbwa?"

"Wakati wa mvua hamtoi."

"Basi kavu kwa kavu hakuna najisi. Akilambwa, aoshe mara saba, moja kwa udongo. Mwambie udongo Uingereza upo."

Mwaka 1331 Ibn Battuta alipita Kilwa Kisiwani akaandika kwamba watu wa hapa ni wacha Mungu na madhhebu yao ni ya Shafi. Ndivyo tulivyo mpaka leo, na ndiyo maana swali la mbwa kwetu ni zito kuliko kwa Wamaliki, ambao kwao mate ya mbwa si najisi. Mtu wa Morocco na mtu wa Kivinje wanaweza kuswali safu moja, mmoja amelambwa mguu na mbwa wake na hana wasiwasi, mwingine akatafuta udongo. Siandiki haya kuishusha madhhebu yetu. Nyumba nyingi za pwani zilikuwa safi kwa sababu watu walijua mipaka ya kila kiumbe. Ila nilitoka barazani siku ile nikiwa na jambo ambalo sikulitarajia, maana Shehe alipomaliza suala la udhu hakuishia hapo.

Alikumbusha kwamba katika Minhaji ya Imam Nawawi, kitabu ambacho wanafunzi wa pwani hii wamekisoma kwa karne nyingi, mwenye mnyama analazimika kumlisha na kumnywesha. Si hiari wala sadaka. Akikataa, hulazimishwa: mnyama anayeliwa, amuuze, amlishe au amchinje, asiyeliwa, amuuze au amlishe. "Sasa mbwa," alisema, na sauti yake ikawa ya mwalimu anayemtega mwanafunzi. "Mbwa analiwa?"

"Haliwi."

"Kumuuza?"

Nilijua jibu. Kwa Mashafi kumuuza mbwa hakusihi.

"Kimebaki nini?"

"Kumlisha. Au kumwacha aende zake."

"Kumwacha anayeweza kujitafutia, sawa. Yule mbwa mzee anayekaa pale dikoni anajitafutia, au anaombaomba?"

Hakutoa fatwa, na simnukuu kama aliyetoa. Lakini niliporudi nyumbani niliona mlango umefungukia upande nisioutarajia. Siku zote tulichukulia kwamba ukali wa sheria yetu juu ya mbwa ndio unaoturuhusu kumtupa. Ukiufuata ukali huo mpaka mwisho, unakufungia njia zote za kumkwepa. Ng'ombe aliyezeeka atauzwa. Mbuzi atachinjwa. Punda atapatiwa mnunuzi wa mwisho huko mbele. Mbwa pekee ndiye mnyama wa kazi ambaye, ukishamchukua mkononi mwako, huna pa kumsukumia.

Wapo watakaonijibu kwa hadithi ya kirati, kwamba anayefuga mbwa bila haja ya mifugo, uwindaji au shamba hupungukiwa thawabu kila siku. Naijua, na naipenda pia kwa sababu ya kisa kidogo kinachoizunguka: Ibn Umar alipoambiwa kwamba Abu Huraira anaongeza neno shamba katika ruhusa hiyo, alisema kwamba Abu Huraira alikuwa na shamba. Wanazuoni wanasema alimaanisha kwamba mwenye shamba hulikumbuka vizuri zaidi lile linalomhusu. Mimi husikia humo pia tabasamu la watu wanaofahamiana. Lakini hadithi inataja sababu ya kumchukua mbwa, na aliyelinda shamba alichukuliwa kwa sababu hiyo. Alichopungukiwa ni nguvu, na nguvu hizo aliziachia shambani mwangu. Chakula chake cha uzeeni ni sehemu ya ujira ambayo haikulipwa wakati ule, kwa kuwa wakati ule alilipwa ukoko. Kuna ile habari nyingine pia, ya ngamia aliyelia mbele ya Mtume, na mwenyewe akaambiwa kwamba mnyama wake analalamika: unamtumikisha mpaka anachoka, na unamnyima chakula. Habari ya ngamia, nadhani, haikuja kwa ajili ya ngamia peke yao.

Na kuna Suratul-Kahf, ambayo misikiti na nyumba zetu huisikia kila Ijumaa. Vijana wanakimbilia pangoni, mbwa yuko nao. Wanalala miaka mia tatu na tisa, na yeye analala, miguu ya mbele kaikunjua pale mlangoni. Watu wanapobishana idadi yao, walikuwa watatu na wa nne mbwa wao, au watano na wa sita mbwa wao, au saba na wa nane mbwa wao, hakuna upande unaomsahau. Wafasiri wengi wamempa hata jina, Kitmiri. Nimeisikia sura hii tangu utotoni na sikuwahi kuuliza: huyu alikuwa akifanya kazi gani? Hawindi. Hachungi. Hata ulinzi wake ni wa kulala usingizi kama wenziwe. Ni mbwa mstaafu, na amehesabiwa.

Tena yuko kizingitini. Hapo ndipo ninapoachana na yule bibi wa Uingereza, ambaye mbwa wake ana sehemu yake kwenye kochi. Sitaki mbwa kwenye kochi langu, na sioni kwamba kumtunza kunanidai hivyo. Nyumba ya pwani ilijengwa ikiwa na mahali pa walio katikati: baraza kwa mgeni asiyeingia ndani, ukumbi wa nyuma, ua, jiko la nje. Tuna ufundi wa karne nyingi wa kumheshimu mtu bila kumpitisha chumbani. Sijui kwa nini mnyama tunamwona ana mahali pawili tu, kitandani au jalalani.

Mfano wa nyumbani wa mnyama aliyepewa kustaafu kwa heshima tunao, na si mbwa. Magawa, panya buku, alizaliwa Morogoro Novemba 2013 na kufunzwa na shirika la APOPO pale Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine. Mwaka 2016 alipelekwa Kambodia kunusa mabomu ya ardhini. Panya wa aina hii ni mwepesi kiasi kwamba bomu haliripuki akilikanyaga. Alipomaliza kazi alikuwa amegundua mabomu ya kutegwa ardhini 71 na silaha nyingine 38 ambazo hazikuwa zimeripuka. Septemba 2020 shirika la Uingereza la PDSA lilimpa nishani ya dhahabu, panya wa kwanza kuipata. Huku kusini wapo watu wanaomwinda panya buku kwa kitoweo, na habari hiyo ilipotangazwa redioni niliwasikia watu wakicheka wasijue wafanye nini na kicheko chao. Wenzake wengine walisafisha ardhi ya Msumbiji, ng'ambo tu ya Ruvuma, mpaka nchi hiyo ikatangazwa mwaka 2015 kuwa imeondolewa mabomu hayo yaliyojulikana.

Magawa alistaafu Juni 2021, akapewa ndizi na karanga zake kama kawaida, na Januari 2022 akafa akiwa na miaka minane. Kuna jambo moja dogo katika taarifa za kustaafu kwake ambalo limenikaa. Ilisemwa kwamba kabla ya kupumzika kabisa angebaki wiki chache akiwaongoza panya wapya waliowasili kutoka Tanzania. Labda ni kweli panya hufundishana hivyo. Lakini niliposoma nilijiuliza kama watu wale, waliompenda, hawakuona haya kidogo kumlisha panya asiyefanya chochote, wakamtafutia cheo.

Haya hiyo ninaijua. Nimeiona siku za chanjo ya kichaa cha mbwa. Kati ya 2010 na 2015 Shirika la Afya Duniani, kwa fedha za mfuko wa Gates, liliendesha mradi mkubwa wa chanjo katika wilaya 28, za Lindi na Mtwara zikiwemo, pamoja na Pemba. Lengo la chanjo kama hiyo ni kuwafikia asilimia 70 ya mbwa. Ikifikiwa na kudumishwa, ugonjwa hukosa njia ya kupita. Watu hufika mahali pa chanjo na mbwa wao wamefungwa kamba za katani au vipande vya khanga, na karani huuliza jina la mwenye mbwa ili aandike cheti. Wanaoletwa ni wale wa kazi. Wale wa dikoni hawaletwi na mtu. Ukiuliza ni wa nani, utajibiwa "hawa hawana wenyewe", na pengine anayejibu ndiye mwenyewe wa msimu juzi. Mtoto akiumwa na mmoja wao, familia itaanza kuhangaika kutafuta sindano ambazo mara nyingi ziko mbali na bei yake inauma kuliko meno. Tuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu 2008, lakini sheria haiwezi kumshika mwenye mbwa aliyekana. Mbwa tuliyemnyima ukoko uzeeni anaturudia kwa njia hiyo, na hapo ndipo tunasema mbwa ni mnyama mbaya.

Nyuma ya Nangurukuru, ukielekea milima ya Matumbi, yuko mzee mmoja mwenye shamba la mahindi na ufuta. Mbwa wake ni mwekundu, jicho moja limeingia ukungu. Nilimkuta amelala mlangoni pa jiko la nje, na mbele yake sufuria iliyotoboka ina ukoko uliomwagiwa mchuzi wa vichwa vya samaki. Majirani walikuwa wameshanieleza habari zake kwa kicheko, kwamba mzee huyu analisha mfu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, kaa."

Tuliongea kwanza habari za mvua, na bei ya ufuta, na barabara. Kisha nikamwonyesha mbwa kwa kidevu. "Huyu bado anakwenda shamba?"

"Haendi. Miguu imegoma."

"Sasa hapa ana kazi gani?"

Mzee aliitazama sufuria kwa muda. "Anamfundisha mtoto," alisema. "Mbwa mdogo bila mkubwa hajui lolote. Atabwekea hata kivuli chake."

Niliangaza ua mzima. Walikuwepo kuku, mbuzi wawili na baiskeli isiyo na gurudumu la mbele.

"Mtoto mwenyewe yuko wapi?"

"Hajazaliwa. Kuna jike la mtu Njinjo huko, nimeahidiwa. Msimu ujao."

Kutoka jikoni mkewe, ambaye sikujua kama alikuwa akisikiliza, akasema: "Hata mwaka jana ulisema msimu ujao."